Kicheko Kimoja cha Mama Mkwe

Waandishi wa magazeti walikuwa wakimuuliza shemeji yangu Selwyn kwa nini alianza kuchekesha watu, naye alikuwa na jibu jipya kwa kila mmoja. Wa kwanza alimwambia ni uvivu tu, alichoka kukimbizana na ng'ombe wa wazungu. Wa pili alimwambia alitumwa na babu yake ndotoni, na yule bibie, maskini, akaandika neno kwa neno na picha akatia. Ukweli tunaujua watu watatu: yeye mwenyewe, dada yangu Rhonda, na mimi Neville, fundi magari wa hapa Yarranta, kijiji cha wenyeji weusi katikati ya jangwa la Australia. Selwyn aliingia kwenye kazi ile kwa sababu ya kicheko cha mama yangu, na alikuwa amekisikia siku moja tu.

Jina la mama silitaji. Ameshatutoka, na kwetu jina la marehemu linapumzika pamoja naye kwa muda mrefu. Nitasema mama, inatosha.

Ilikuwa mwaka 1979, wakati wa mashindano ya mpira. Timu ya pili ilikuwa haijafika kwa kuwa lori lao lilivunjika ekseli njiani, na watu wa vijiji vinne walikuwa wamekaa mbele ya duka wakiwafukuza nzi. Selwyn alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuja na wachimba visima kutoka mbali huko mashariki. Hakuna aliyemjua. Alipanda juu ya lori la mabomba, akavuta kaptula mpaka karibu na kwapa, akaanza kuwa bwana wa serikali aliyekuja kuhesabu mbwa.

Sisi tulimjua bwana yule. Alikuwa akija kila mwaka na daftari lake. Sheria ilisema mbwa wawili kwa nyumba, basi alipokuwa akihesabu nyumba ya kwanza, mbwa walikuwa wanapitishwa kwa nyuma kwenda nyumba aliyokwisha kuihesabu. Selwyn aliigiza bwana anahesabu, kisha akaigiza mbwa mmoja mwenye sikio bovu anayehesabiwa mara kumi na moja, na kila mara bwana anamwambia mbwa, "Nina hakika tumeonana mahali." Yule mbwa anageuza uso kwa aibu.

Hapo mama akaanza. Kicheko chake kilikuwa hakitoki moja kwa moja. Kwanza alitikisika bila sauti, ukafikiri amekwamwa na mfupa. Kisha ilitoka sauti nyembamba kama birika linalotaka kuchemka, na baada ya hapo ndipo mlango ulipofunguka. Alikuwa anapiga ardhi kwa kiganja mpaka vumbi linapanda, anavua kofia yake ya sufu na kumtupia aliye karibu, na watu waliokuwa hawajaelewa mzaha wenyewe nao wanacheka kwa sababu yake. Siku ile aligaragara chini. Selwyn alimwona kutoka juu ya lori, naye akaacha kuwaangalia wengine wote. Akamwigizia yeye peke yake mpaka jua likapinda, na timu ya pili ilipofika hakuna aliyeinuka kwenda kuipokea.

Kesho yake asubuhi wazee wakamwita Selwyn kwenye chai. Kwetu mgeni haachwi akakaa hivi hivi kama gunia. Lazima ijulikane ni mtoto wa nani, ili kila mtu ajue amwite nini na amtendee vipi. Baba mkubwa Hector ndiye aliyekuwa anauliza.

"Mama yako wa wapi?"

"Wa kule kwenye visima vya chumvi."

"Aliyemzaa?"

Selwyn akamtaja. Hector akamtaja dada wa yule, Selwyn akataja mume wa huyo dada, wakaendelea hivyo kwa vikombe viwili vya chai, huku wazee wengine wakichora mistari mchangani. Mwishoni Hector akafuta mchanga kwa mguu.

"Bwana wee," akasema. "Umetuponza. Wewe ni mkwe wa yule mama uliyemgaragaza jana."

Haikuwa na maana kwamba ameoa, wala kwamba kuna aliyemposea. Ukishapangwa mahali pa mkwe, wewe ni mkwe. Na mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja, na kutaniana ndiyo kabisa. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Mama alikuwa anapepeta unga upande wa pili wa moto. Aliposikia, aliweka chini sinia, akajifunika uso kwa kitambaa, akazunguka nyuma ya nyumba kama mtu aliyemwagikiwa na maji. Nilimkuta huko ameshika shavu.

"Nimecheka mbele ya mkwe wangu," akasema. "Nimelala chini, Neville. Miguu juu."

"Si hukujua, mama?"

"Sasa najua. Mpelekee mkia wa kangaruu, ule mnene."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mpe nyama, uondoke."

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa njia ya kati ya watu wawili hao. Mkia unatoka kwa mama kwenda kwa Selwyn, paja linatoka kwa Selwyn kwenda kwa mama, na mimi ndiye mchukuzi. Miaka miwili baadaye alipomwoa Rhonda, ambaye kwa mpango ule alikuwa halali yake kabisa, nilimtania kwamba afadhali wazee wangempangia mama mwingine, akabaki na mchekaji wake.

"Shemeji, Rhonda nampenda," akanijibu. "Simwachi. Lakini yule wa kule, ningepangiwa kuwa mpwa wake, ningekuwa mtu mwenye bahati kuliko wote jangwani."

Hakuwahi kumtaja kwa jina wala kwa cheo. Alikuwa akisema yule wa kule.

Walihamia Adelaide, kisha Sydney. Alijiunga na kikundi cha maigizo, akafagia jukwaa mwaka mzima, akapewa nafasi ya kusema maneno mawili, watu wakacheka kwa yale mawili kuliko kwa mchezo wote. Akaanza kuandika michezo yake. Ule wa mbwa ukawa mchezo wa saa nzima. Ukafuata wa polisi aliyepotea jangwani akaongozwa nyumbani na mfungwa wake, ukafuata wa muuguzi wa misheni na vidonge vyake vya kila ugonjwa. Akawekwa kwenye televisheni. Kuna wakati ulikuwa hupiti uwanja wa ndege wowote nchi hii bila kukuta mtu anataka kumshika mkono. Nilijivuna naye, siwezi kuficha. Nilikuwa na picha yake gereji, juu ya kopo la misumari, na wazungu waliokuja na magari yao mabovu niliwaacha waitazame kwanza ndipo niwaambie gari litakaa siku tatu.

Lakini simu zake zilikuwa zinanichosha roho. Alikuwa anapiga kwenye simu ya duka, muuza duka ananipigia honi nivuke barabara.

"Leo vipi?"

"Wamesimama, wamepiga makofi mpaka taa zikawashwa."

"Sasa mbona unaongea kama uliyefiwa?"

"Hapana. Ila hawa watu, shemeji, mzaha ukitoka wanatazamana kwanza. Wanaangaliana kama inaruhusiwa kumcheka mtu mweusi. Wakishakubaliana ndipo wanacheka. Mzaha umeshapoa. Yule wa kule hajambo?"

"Hajambo. Leo kachimba kenge watatu wa kitoweo."

"Watatu," anasema, kama nimempa habari za mtoto wake. "Mwambie... aa, basi, nitamwambia Rhonda."

Kila alipoleta mchezo Yarranta, mama alikuwa anachukua fimbo yake ya kuchimbia na mbwa wake, anaingia porini tangu asubuhi, na harudi mpaka Selwyn awe amepanda gari. Kila mtu alifurahi siku hizo isipokuwa mwenye mchezo. Alikuwa anaigiza huku jicho lake linakwenda pale mbele ya duka alipoketi mama mwaka ule. Nilimwonea huruma, na wakati mwingine nilimkasirikia. Mtu ana nchi nzima ya wachekaji, anamtaka mmoja tu ambaye ni mwiko.

Mwaka 2004 figo za mama zikakataa. Kwetu hapa hakuna mashine ya kusafisha damu, ikabidi ahamie mjini Alice Springs, kilomita mia nne, alale kwenye hosteli na kukaa kwenye kiti cha mashine mara tatu kwa wiki, saa tano kila mara. Aliyakosa mambo madogo madogo. Alinituma nimpelekee mchanga wa kwetu kwenye mfuko wa sukari, akauweka chini ya kitanda akawa anaukanyaga asubuhi. Nilirudi gereji nikafungua injini ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Siku moja nilikwenda kumtembelea akiwa kwenye mashine. Nilimkuta amejifunika blanketi gubigubi, kichwa na vyote, mirija tu na mkono vinaonekana. Juu ya ukuta televisheni inaonyesha mkanda wa Selwyn. Muuguzi, binti mwenye moyo safi, alikuwa amesikia kwamba huyu ndiye mama mkwe wa yule mchekeshaji maarufu, akaona amfurahishe. Mama hakuweza kuinuka, amefungwa kwenye mashine. Kiingereza chake kilikuwa cha aibu, hakikutosha kumweleza muuguzi. Alikuwa amekaa hivyo saa tatu nzima, kwenye joto lile, bila kutoa sauti.

Nilizima. Nikampigia Selwyn nikamweleza, na sikumpunguzia.

Alifika baada ya siku nne. Alikuwa ameacha mchezo Sydney katikati ya msimu, na watu wa kule walikuwa wamemwambia maneno makali ambayo sitayarudia. Alikaa kwenye tairi gerejini kwangu, nywele zimeanza mvi, mashavu yamelegea.

"Sipandi tena jukwaani," akasema. "Sitaki sura yangu imfukuze popote tena."

"Umekuja kuniambia hilo tu?"

"Nimekuja kukuomba kitu. Anaondoka, Neville. Wewe unajua na mimi najua. Nataka acheke kwa kitu changu kabla hajaondoka, nami nisikie. Mara moja. Nimechekesha nchi hii robo karne na sijapata kile nilichokifuata."

"Na utafanyaje? Huwezi kusimama mbele yake. Sauti yako pia ni wewe, hata redioni."

"Mimi nitaandika. Utasimama wewe."

Nilimwambia anaota. Mimi hata kwenye harusi nikiambiwa niseme neno natafuta kisingizio cha kwenda msalani. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyakataa, na isitoshe alikuwa amekaa kwenye tairi ambalo nilitaka kulitumia.

Kwanza tulikwenda kwa mama mdogo Merna, mdogo wake mama, mkali kuliko wote kwenye mambo ya miiko. Selwyn alibaki nje ya uzio, kwa kuwa Merna naye ni mkwe. Nilieleza. Merna alitafuna tumbaku muda mrefu.

"Maneno yakitoka kinywani kwako ni ya nani?"

"Yangu, mama mdogo."

"Hata kama yanachekesha?"

"Hata hivyo."

"Kwako wewe hayatachekesha," akasema. "Endeleeni. Yeye awe ng'ambo ya mto."

Mchezo ulikuwa unahusu afisa kijana kutoka mjini, aliyevaa fulana ya kung'aa na kofia ngumu, anayekuja kuwafundisha bibi zetu namna ya kuchimba kenge, ili mwishoni awape cheti. Nilifundishwa wiki tatu nyuma ya gereji.

"Shemeji, unatembea kama unayetafuta spana."

"Maisha yangu yote natafuta spana."

"Basi tafuta spana kama mtu mwenye diploma. Kidevu juu. Hapo. Na ukimwona kenge usimwogope mara moja. Msalimie kwanza, mwombe kitambulisho."

Alikuwa na subira ambayo mimi sina hata kwa vyuma vyangu. Alijua kila neno linakaa wapi, na wapi mtu anyamaze ahesabu mpaka tatu. Pale pa kunyamaza alikuwa anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza.

Jumamosi moja mama aliletwa nyumbani kwa siku mbili, kati ya mashine na mashine. Tulimtandikia godoro mbele ya duka, alasiri, kivulini. Alikuwa amepungua, kofia ile ya sufu inamwingia mpaka kwenye nyusi. Kijiji kizima kilikuja. Gari la Selwyn lilikuwa ng'ambo ya mto mkavu, mbali, rangi yake tu ndiyo inayoonekana kati ya miti.

Nikaanza. Nilisahau mstari wa kwanza nikasema wa pili, na watu wakacheka kwa sababu ni mimi, Neville, nimevaa fulana ya kung'aa. Nikamsalimia kenge. Nikamwomba kitambulisho. Watu wanalia kwa kucheka, hata Merna ameficha mdomo. Mama ametulia tuli. Kofia iko chini, mikono ameibana mapajani. Jasho lilinitoka mgongoni likashuka mpaka kwenye soksi. Nikafika katikati, pale pa bibi kumwonyesha afisa shimo naye anatoa futi kulipima, na mama akainua kiganja.

"Neville. Ngoja."

Nikashusha futi.

"Naam, mama."

"Mume wa dada yako yuko wapi?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nakuuliza."

"Ng'ambo ya mto, mama. Yuko kwenye gari."

"Upepo unatoka wapi?"

Nikatazama majani. Ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu.

"Sasa kule atasikia nini?" mama akasema. "Mwambie asogeze gari. Aliweke nyuma ya tangi la maji, atupe kisogo, asigeuke. Halafu uanze mwanzo. Na usiruke ule mstari wa kwanza uliouruka."

Merna akasogea. "Dada, ni aibu hiyo."

"Aibu nimeibeba tangu mwaka ule wa lori. Imezeeka, Merna, na mimi nimezeeka. Hanioni, simwoni, hatusemezani. Kucheka nacheka na mwanangu." Akavuta pumzi. "Na afanye haraka. Nimejibana mbavu tangu kenge wa kwanza, nitakufa hapa mashine isiwe na kazi Jumatatu."

Nilivuka ule mto kwa kukimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Selwyn alikuwa amekaa kwenye usukani, vioo vyote chini, ametoa kichwa nje kama mbwa. Nikamwambia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena nirudie, taratibu, kwa maneno yake mwenyewe yule wa kule. Kisha akashindwa kuwasha gari, ikabidi nimwashie mimi.

Tuliliweka nyuma ya tangi, kisogo kwetu. Nikaanza mwanzo. Mstari wa kwanza sikuuruka. Na nilipomwomba kenge kitambulisho, mama akaanza kutikisika bila sauti. Ikaja ile sauti nyembamba ya birika. Nikahesabu mpaka tatu kama nilivyofundishwa, na mlango ukafunguka. Alicheka mpaka kofia ikaruka ikaniangukia miguuni. Alipiga ardhi kwa kile kiganja chenye alama za sindano, vumbi likapanda, na kijiji kizima kikacheka kwa sababu yake, nami nikasahau yote yaliyobaki, nikawa nimesimama tu na futi yangu namtazama mama yangu.

Baadaye nilikwenda nyuma ya tangi. Selwyn alikuwa ameshuka, ameketi mchangani, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, bado ametupa kisogo kama alivyoambiwa. Uso wake ulikuwa umelowa wote na hakujali kuupangusa.

"Nimwambie nini?" nikamuuliza.

Akanielekeza buti la gari. Nikalifungua. Kulikuwa na sanduku la daftari za shule, kumi na tisa, kila moja mchezo mzima. Sikuwahi kuusikia hata mmoja kati yake, wala mtu yeyote wa Sydney hakuusikia. Pembeni mwa kurasa alikuwa ameweka alama za penseli pale anapodhani mama atacheka.

"Muulize kama hajachoka," akasema.

Nikarudi kumuuliza. Mama alikuwa anapangusa macho kwa kofia.

"Mwambie nakuja tena Jumamosi ijayo," akasema. "Wewe nenda kajifunze kutembea."

Tulikuwa tumemaliza mchezo wa nne wa lile sanduku alipotutoka, mwezi wa nane. Tulifagia nyumba yake, tukaihama kama inavyopasa, na Selwyn akanyoa nywele zake zote. Watu wa mijini bado wanampigia simu, hawajibu. Mimi nimemwambia mara mbili aitoe ile kumi na tano iliyobaki. Watu wapo, fulana ninayo, na kutembea nimeshajua. Anafungua sanduku, anatazama zile alama za penseli, analifunga.

"Bado, shemeji," ananiambia. "Bado kidogo."